Kihenge Kilichofagiwa Mwezi wa Sita

Punje za mahindi zilikuwa zikidondoka ndani ya beseni la bati, moja moja, kisha nyingi kwa pamoja, kama mvua inayosita juu ya paa. Ilikuwa alfajiri, giza bado limelala nje, na Milembe alikuwa akipukuchua mahindi bila taa. Mafuta ya taa yalikuwa yamebaki kidogo chini ya chupa, na kidogo hicho kilikuwa na mwenyewe: kila mwanafunzi wa darasa la watu wazima alitakiwa kuja jioni na kifuniko kimoja cha mafuta, ili karabai ya Mwalimu Pelagia iwake. Kwa hiyo Milembe alipukuchua kwa vidole vilivyojua njia, huku binti yake Salu, mtoto wa miaka mitano, akikoroma taratibu kama paka kwenye mkeka.

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Watu wengi huikumbuka methali hii wanapomwogopa mtu asiyesema. Lakini kimya hakikai kwenye vinywa vya watu peke yake. Hukaa hata katika karatasi, kikijibanza katikati ya maneno mazuri, na asiyekisikia mapema hukurupushwa na mshindo wake wakati umeshabomoa.

Mambo haya yalitokea katika kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Bariadi, miaka ile ushirika ulipoacha kuwa mnunuzi pekee wa pamba. Malori ya wanunuzi binafsi yalipishana barabarani kama siafu waliovunjiwa njia. Kila mnunuzi alikuja na mizani yake na matangazo yake, na matangazo hayo yalibandikwa kwenye milango, kwenye miti, hata kwenye mkokoteni wa mtu aliyekuwa amelala. Vitabu vya elimu ya watu wazima vilikuwa havifiki tena, lakini Mwalimu Pelagia hakulifunga darasa. Aliokota somo popote alipolikuta. Wiki moja wanafunzi wake walisoma karatasi ya sabuni. Wiki nyingine walisoma maelekezo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Jioni moja alibandua tangazo la mnunuzi mmoja na kulisoma mbele ya darasa. Lilisema kuwa kampuni itanunua pamba yote, kwa bei nzuri, na wakulima waje mapema. Akauliza limesema nini. Wanafunzi wakataja: pamba yote, bei nzuri, mapema. Akauliza tena limenyamazia nini. Mzee Luhende, aliyekuwa na wajukuu kumi na mmoja na penseli moja fupi kama kidole cha mwisho, akakohoa.

"Mwalimu, hiyo bei ni nzuri kwa nani? Kwake au kwangu?"

Watu walicheka, lakini Mwalimu Pelagia hakucheka. Alimwambia mzee kuwa hapo hasa ndipo somo linapoanza. Akaeleza kwamba kila andiko lina maana mbili. Ya kwanza imesimama uwanjani, kila mtu anaiona. Ya pili imekaa ndani, ikikusubiri upige hodi. Kisha akaweka sharti ambalo Milembe aliliandika kwenye daftari lake na kulipigia mstari: maana ya ndani lazima uishike kwa kidole kwenye neno lililoandikwa, kwa sababu ukijibunia tu, hujasoma, umepiga umbeya. Akawaagiza kesho yake kila mmoja aje na andiko kutoka nyumbani.

Milembe hakuhangaika kutafuta. Alikuwa na barua ya mama yake mzazi, Felisita, aliyeishi peke yake Kimali, kule Meatu. Mama hakujua kuandika. Barua zake ziliandikwa na Renatus, katekista wa huko, kwa maneno ya mama mwenyewe. Hii ilikuwa imefika siku kumi na mbili zilizopita kwa mkono wa utingo wa lori, na Milembe aliipenda kwa sababu ndiyo barua ya kwanza maishani mwake aliyoisoma yote bila kukwama. Alikuwa amemsomea mumewe Masalu huku wakichambua pamba uani, nyeupe kushoto, fifi yenye madoa kulia. Wote wawili walifurahi. Waliikunja wakaiweka kwenye kopo pamoja na zile za zamani, mioyo yao ikiwa baridi kama maji ya kisima.

Basi kesho yake jioni alisimama mbele ya karabai na kusoma kwa sauti:

"Kwa mwanangu Milembe na mkwe wangu Masalu. Mwadila. Sisi huku ni mhola. Mimi ni mzima, hofu ni kwenu tu. Jua linawaka vizuri. Kuku nimewapa watu wa ng'ambo ya mto wanifugie, kelele zao zilinizidi. Kihenge nimekifagia, ni kisafi, hakina hata panya. Salu asije likizo hii, njia ina vumbi. Msihangaike kuja, pamba haingoji mtu. Ni mimi mama yako Felisita. Aliyeandika ni Renatus katekista, naye anawasalimu."

Darasa lilimpigia makofi kwa kusoma vizuri. Mzee Luhende alisema kuwa mama huyo ni hazina. Wakwe zake yeye wakiandika barua, alisema, mstari wa kwanza ni salamu na wa pili ni mbuzi. Mwalimu Pelagia aliwaacha wamalize, kisha akaandika ubaoni yaliyosemwa: mama ni mzima, kuku wamehamishwa, kihenge ni kisafi, mtoto asije. Halafu akauliza swali lake lile lile. Barua hii inanyamaza wapi?

Mmoja alisema mama hajaomba kitu. Mwingine akasema hajalalamika. Milembe alikuwa ameinamia karatasi, akipitisha kidole chini ya kila neno kama alivyofundishwa, na kidole kilipofika kwenye kihenge, lile ghala la nafaka, kikagoma kuendelea. Alikisoma kifungu kile mara moja, mara mbili. Alikuwa mtoto wa mkulima. Akiwa na umri wa Salu aliwahi kuingizwa ndani ya kihenge na ufagio, kwa sababu ni watoto tu wanaoenea kwenye mlango wake mdogo, na alikumbuka vizuri ni majira gani kazi ile ilifanywa.

"Kihenge hufagiwa mwezi wa nne, kabla ya mavuno," alisema polepole. "Huu ni mwezi wa sita. Mwezi wa sita kinajaa. Huwezi kukifagia kikiwa kimejaa."

Hakuna aliyecheka. Mzee Luhende aliifumbata penseli yake kiganjani, na aliposema, mzaha ulikuwa umemtoka.

"Na panya hahami penye nafaka, mwanangu."

Mwalimu Pelagia alikuja akasimama karibu na Milembe. Angeweza kumtuliza, au kumtisha, lakini alikuwa mwalimu. Alimwambia kuwa hayo ni mawili, na kigoda hakisimami kwa miguu miwili. Aende nyumbani akatafute mguu wa tatu. Akiupata, aamini alichokisoma. Asipoupata, amheshimu mama yake kwa maneno aliyoyasema.

Ushauri huo ulikuwa mzito kuliko ulivyosikika. Kwa watu wa kule, mtu akiulizwa hali hujibu mhola, amani, hata kama ndani ya nyumba kuna maiti. Mabaya huja baadaye, yakiombwa. Na mama aliyemwozesha binti kwa ng'ombe hapeleki kilio cha njaa kwa wakwe. Ng'ombe walikwisha kuja, ameshapewa. Akiomba tena chakula, ukoo wa mume utasema alimuuza binti na sasa anataka kumla. Kwa hiyo kumpelekea mama gunia hali yeye amesema ni mzima ni sawa na kumwita ombaomba uwanjani kwake, majirani wakitazama. Milembe akikosea, angemvunjia mama yake heshima ambayo hakuna wa kuiunga tena. Akiwa sahihi na asiende, angempoteza mama mwenyewe.

Alipofika nyumbani alimwaga kopo la barua kwenye mkeka. Zilikuwa sita. Alizisoma zote kwa mwanga wa moto wa jikoni, Salu akiwa amelalia paja lake. Katika zile tano za zamani, mama alimtaja ng'ombe wake mwekundu bila kukosa: amezaa, amekataa malisho, amempiga teke mtoto wa jirani. Na kila barua iliishia kwa namna moja, Salu aje anywe maziwa. Katika barua ya sita ng'ombe hakuwamo. Hakutajwa kufa, wala kuuzwa, wala kuibiwa. Alinyamaziwa tu, kama mtu ambaye jina lake likitajwa wenyeji watalia.

Alimwita mumewe, akamsomea zote tena. Masalu alikuwa mtu mwema, lakini siku zile akili yake yote ilikuwa kwenye pamba. Mnunuzi wa kwanza alitarajiwa baada ya siku nne, na aliyechelewa kuchambua alibaki na wanunuzi wa mwisho, ambao mizani yao ilikuwa na tabia zake. Alisikiliza huku vidole vyake vikitenga fifi.

"Mama Salu," alisema, "mayu amesema mhola. Mimi na wewe ni nani wa kumbishia? Au darasa linakufundisha kutomwamini mama yako?"

Milembe alijibu kuwa linamfundisha kumsikiliza. Masalu akatafakari. Akasema mke akionekana anarudi kwao wakati wa mavuno, kijiji kizima kitasema amepigwa. Milembe akasema na waseme. Masalu akauliza tena kama amefikiria itakuwaje akishusha gunia mlangoni kwa mama na kihenge kikawa kimejaa hadi shingoni.

"Nitakuwa nimemtukana mama yangu," alisema Milembe. "Hataniita mwanawe tena."

"Na usipompelekea?"

Milembe aliuinua mkono wa Salu uliokuwa umeanguka kwenye majivu akaupangusa, akaupangusa tena ingawa ulikuwa umeshatakata. Masalu aliacha pamba, akaingia ndani, na Milembe akasikia gunia likiburutwa sakafuni.

Masalu alitoka akitweta. Aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kama mtoto akienda likizo kwa bibi yake huwa anabeba chakula chake. Milembe akasema huwa habebi, ni mwiko, bibi ndiye hulisha.

"Mwaka huu atabeba," alisema Masalu. "Wewe mwambie mayu huyu mtoto anakula sana."

Hivyo Masalu, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa la jioni, aliijibu barua ya mkwewe kwa lugha ile ile iliyoandikiwa.

Alfajiri iliyofuata Milembe na Salu walipanda lori tupu la pamba lililokuwa likielekea Meatu kutafuta mzigo. Walishuka Lagangabilili kungoja lingine, wakakaa juu ya gunia lao kutwa nzima, kisha wakaendelea. Milembe alitazama nje na kusoma mashamba kama alivyosoma barua. Karibu na kwao mabua yalikuwa yamesimama marefu. Kadiri walivyokwenda kusini yalipungua kimo, mpaka yakawa mafupi kama magoti, makavu, bila hata gunzi moja. Jua linawaka vizuri, mama alikuwa ameandika. Milembe alifumba macho. Kumbe huo ulikuwa mguu wa nne wa kigoda, nao ulikuwa wazi mbele ya uso wake tangu mwanzo.

Walifika Kimali siku ya pili, jua likiwa utosini. Utingo na dereva waliwashushia gunia mlangoni wakaondoka na vumbi lao. Uwanja wa mama ulikuwa umefagiwa vizuri mno. Hapakuwa na alama ya unyayo wa kuku, wala samadi mbichi zizini. Mama Felisita alitoka ndani akishika mwimo wa mlango. Nguo yake ilikuwa safi, lakini ilimning'inia kama iliyoanikwa kwenye mti mwembamba.

Milembe alipiga magoti akamwamkia. Wakasalimiana kama desturi inavyotaka, bila kuruka kitu. Watoto, mhola. Mkwe, mhola. Pamba, mhola. Nyumba hii, mhola duhu, amani tupu. Milembe alipokea kila mhola kwa adabu, na kila moja ilimchoma kama mwiba wa mgunga. Kisha mama akaliona gunia. Uso wake ukakaza.

"Hicho ni nini?"

"Ni chakula cha Salu, mayu. Amekuja likizo. Siku hizi anakula sana."

Mama alimtazama mjukuu wake, aliyekuwa mwembamba kama fimbo ya mchungaji. Alilitazama gunia, ambalo wanaume wawili walikuwa wamelishusha kwa shida. Akamtazama tena mjukuu.

"Huyu mtoto ana matumbo mangapi?"

"Anakua, mayu."

Mdomo wa mama ulitetemeka kama unataka kucheka, kisha akageuka haraka akaingia ndani, akisema moshi umemwingia machoni. Jikoni hapakuwa na moto.

Milembe hakuingia kumfuata. Alikwenda kwa jirani kuazima moto na unga, akiahidi kurudisha unga huo mara mahindi yake yakishasagwa. Njiani alikutana na Renatus. Katekista huyo alimshika mikono yote miwili, akamweleza kwa sauti ya chini yale ambayo kalamu yake ilikatazwa. Mvua ilikuwa imewaruka. Ng'ombe mwekundu alikufa mwezi wa tatu. Kuku waliliwa, hawakufugishwa kwa mtu. Kwa siku kumi na moja mama Felisita alikuwa akila mlenda mtupu, bila ugali, na wiki iliyopita alianguka njiani akienda kisimani. Waliomwokota walidhani wameokota maiti. Kila Renatus alipotaka kuandika ukweli, mama alimwambia aandike anachoambiwa.

"Nikaandika kihenge ni kisafi," alisema Renatus. "Nikamwomba niongeze kwamba hakina hata panya. Akakubali, akidhani namsifia usafi. Ndicho pekee nilichoweza, dada yangu. Nilibaki naomba Mungu kuwa huko Bariadi kuna mtu anayejua kusoma."

Milembe alipika uji kwanza, mwepesi, kwa sababu tumbo lililozoea kufunga halikurupushwi. Mama alikunywa kidogo kidogo, kikombe akikishika kwa mikono miwili. Jioni Milembe akapika ugali laini, wakala pamoja, watatu, kwenye sahani moja. Hatimaye mama akauliza, bila kumtazama binti yake, ni nani aliyekwenda kumwambia. Alitaka kulijua jina la huyo mmbeya.

"Ni wewe, mayu," alisema Milembe. "Uliniandikia."

"Mimi niliandika ni mzima."

"Ndiyo. Hayo nayo niliyasoma."

Machozi yalimshuka mama bila sauti, yakafuata mikunjo ya mashavu kama maji yanavyofuata mifereji ya zamani, na safari hii hakuusingizia moshi. Milembe naye hakuyafuta. Aliona kuwa ni maneno ya mama, yamechelewa tu kufika.

Aliwaza kuhusu ile barua aliyoifurahia kwa siku kumi na mbili. Kama angeishia kwenye yaliyoandikwa, barua ya saba ingekuja bila jina la Felisita chini yake, Renatus akiwa mwandishi na mwenye habari pia, na isingehitaji mwalimu wa kuifafanua. Mshindo wake ungesikika mpaka Bariadi. Kweli wahenga hawakukosea: kimya kingi kina mshindo mkuu, na heri ni yake yule anayekisikia kingali kimya.

Mama Felisita alinawa mikono. Akaisogeza sahani pembeni kwa adabu ya mtu mzima, akaushukuru mkono uliopika, akasema ameshiba kabisa, chakula kilichobaki ni cha mtoto. Milembe alifungua kinywa, akatafuta njia ya kusema bila kusema.

Lakini Salu, ambaye alikuwa hajajua hata herufi moja, aliirudisha sahani mbele ya bibi yake.

"Bibi, bado hujashiba."